Uliuliza na Maji Yanatoka

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kozi ya mbinu za utafiti nilikuwa na kawaida moja niliyoirithi kwa walimu wangu bila kuihoji. Kila baada ya dakika ishirini hivi nasimama, nautazama ukumbi, nauliza, "Tuko pamoja?" Ukumbi unaitikia, "Ndiyooo, Madam!" Naendelea. Mwisho wa kipindi nauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Nafunga kompyuta, natoka zangu, najiona mwalimu.

Ukumbi wenyewe ulikusudiwa watu 250. Darasa langu lilipita 400. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama nje wameegemea madirisha, na kipaza sauti kilikuwa na tabia ya kukata kila nilipofika kwenye neno la maana. Wa nyuma waliinua simu wakapiga picha kilichoandikwa ukutani, hiyo ndiyo ikawa nota. Robo saa kabla ya muda wangu kwisha, darasa linalofuata limeshajaa mlangoni, na mwenzangu wa uhasibu anachungulia huku akiitazama saa yake. Katika hali hiyo ndipo nilipokuwa nauliza kama kuna mwenye swali.

Mtihani wa mwisho wa muhula ukaja. Swali la tatu nililiweka jepesi makusudi, ili hata aliyeangushwa na mengine aokote alama: eleza sampuli nasibu, namna mojawapo ya kuchagua watu wachache wawakilishe wote, toa mfano. Vijitabu vya majibu vikaletwa ofisini kwenye maboksi manne. Cha kwanza kilisema mtafiti ataenda stendi ya mabasi, atasimama, atamhoji mtu yeyote anayepita. Nikacheka, nikaweka sifuri. Cha pili kilisema sokoni, mtu yeyote anayepita. Cha tatu kilirudi stendi. Nilipofika cha arobaini nilikuwa nimeacha kucheka zamani. Neno la Kiingereza tulilokuwa tukilitumia darasani, random, vijana wanalo mtaani pia, na mtaani maana yake ni ovyo ovyo, yeyote tu, bila mpango. Mimi nilikuwa nimefundisha vipindi viwili vizima, na fomula juu, kwamba ni kinyume kabisa cha hivyo. Wao walikuwa wameitikia ndiyo.

Niliwakasirikia. Chumba cha walimu nilisema watoto wa siku hizi hawasomi, na wenzangu wote wakakubali, maana hilo ni jambo ambalo chumba cha walimu hakijawahi kulikataa.

Kilichonizindua kilitokea wiki chache baadaye, jioni, karibu na vimbweta. Kwa asiyepitia vyuo vyetu: kimbweta ni meza na benchi za zege chini ya mti, ndipo vijana wanapopigia msuli, yaani kujisomea, mpaka usiku. Nilikuwa napita kulifuata gari langu nililoliegesha kivulini nikasikia msichana mmoja akiwaeleza wenzake wanne waliokuwa na sapu, mtihani wa kurudia, ya kozi yangu. "Sikilizeni nyie. Upatu mnaujua? Mko kumi na wawili. Nani apokee wa kwanza? Mnaandika majina kwenye vikaratasi, mnakunja, mnatia bakulini, mnamwita mtoto mdogo achomoe. Kila mtu yumo bakulini, na kila mtu ana nafasi sawa na mwenzake. Ndiyo hiyo anayoisema Madam. Ukienda kusimama stendi umeharibu, kwa sababu aliyelala nyumbani hayumo bakulini."

Haikufika dakika moja. Nilisimama nyuma ya mwarobaini kama mwizi, gari nimelisahau. Aliyelala nyumbani hayumo bakulini. Nilikuwa na shahada mbili na sijawahi kulisema jambo hilo vizuri hivyo, kwa lugha yoyote.

Tunajua wote tulivyofika hapa. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza Jumatatu, na kuanzia siku hiyo karibu kila kitu isipokuwa somo la Kiswahili ni Kiingereza mpaka atakapovaa joho. Wengi hawavuki mto huo, wanautazama tu wakiwa ng'ambo hii na kukariri maumbo ya vitu vilivyo ng'ambo ile. Hoja kwamba Kiswahili hakibebi elimu ya juu siipi uzito. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam watu wanafundishwa isimu na fasihi kwa Kiswahili na kuandika tasnifu za uzamivu kwa lugha hiyohiyo, na paa la ukumbi halijaanguka. Lakini siku ile pale nyuma ya mwarobaini sikuwa nawaza sera. Nilikuwa nawaza ule mwitikio wa "Ndiyooo", na kwamba kumbe si jibu. Ni adabu.

Ningekuwa mwepesi, ningekwenda na fundisho hilo Unguja. Sikwenda nalo.

Utafiti wangu wa uzamivu ulihusu wakulima wa mwani upande wa mashariki wa Unguja. Mimi ni mtu wa Njombe. Bahari kwangu ilikuwa picha ya kalenda, na hata leo sijui kuogelea. Lakini mwani ulinivutia. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kikasambaa pwani nzima haraka, mikononi mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Zinalimwa aina mbili. Ule mwembamba, Eucheuma denticulatum, ni mvumilivu lakini bei yake ndogo. Ule mnene, Kappaphycus alvarezii, bei yake ni nzuri zaidi, ila maji yakichemka kupita kiasi ncha zake zinageuka nyeupe, zinalainika, zinakatika, na kamba inabaki tupu. Unanunuliwa kwa ajili ya uteute wake unaogandisha vitu, ndiyo maana umo kwenye dawa ya meno na aiskrimu ya watu ambao hawajawahi kuuona. Maji ya kina kirefu yana ubaridi zaidi, lakini huko panataka chombo, na panataka mtu asiyeogopa kuzama. Nilitaka kujua wanawake hawa wanaamuaje: kuendelea na mwani mnene, kubaki na mwembamba, kusogea kina kirefu, au kuacha.

Kibali cha bara hakitoshi Zanzibar; kuna kibali cha huko, halafu wilaya, halafu sheha, kiongozi wa shehia, yaani mtaa au kijiji unachoingia. Miezi ikaenda. Fedha ya utafiti iliahidiwa kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza ulifika umechelewa. Wa pili bado nausubiri. Muda nao: kati ya kukabidhi matokeo ya mtihani na kuanza muhula mpya nilikuwa na siku kumi na tisa. Ratiba ya chuo ndiyo iliyochagua tarehe ya utafiti wangu. Mimi nilikuwa abiria.

Dodoso lilikuwa kurasa kumi na moja, maswali 64. Nililiandika kwa Kiingereza kwa sababu kamati ingelisoma kwa Kiingereza, kisha nikalitafsiri kwa usiku tatu, peke yangu, nikiwa na kamusi na birika la chai. Kaya. Tabianchi. Mikakati ya kukabiliana. Nilichukua wadadisi wanne, wanafunzi wangu wa zamani, vijana wazuri wanaotii. Mwaka ulikuwa 2017. Siku tisa tukajaza madodoso 180. Nilipanda boti kurudi Dar na furaha ya mtu aliyemaliza kupanda kabla ya mvua.

Kuingiza takwimu kwenye kompyuta kulichukua muhula mzima, usiku usiku, katikati ya kusahihisha. Ndipo nikaanza kutoa majedwali. Je, umeona mabadiliko ya tabianchi? Ndiyo, 180. Je, mafunzo uliyopata yamekusaidia? Ndiyo, 180. Anayeamua matumizi ya fedha katika kaya ni nani? Mume, 171. Nikarudi kuangalia hali za ndoa. Ndani ya hao 171 walikuwemo wajane.

Nilipeleka majedwali kwa msimamizi wangu, mzee mmoja wa shule ya zamani, mtu anayevaa kaunda suti mpaka leo. Akatazama muda mrefu, akavua miwani. "Binti, umehoji watu 180, au umemhoji mtu mmoja mara 180?"

Nililia kwenye gari. Sisemi kwa kutafuta huruma, nasema kwa sababu wanaotarajia kuanza uzamivu hawaambiwi sehemu hii.

Mwaka uliofuata nikachukua likizo yangu na mkopo wa SACCOS, nikarudi. Bila wadadisi, bila dodoso, na daftari la kawaida. Sheha aliponiona alisema, "Safari hii umekuja maji mafu, utawakuta." Sikuelewa, nikaitikia ndiyo. Tazama adabu hiyo.

Nilimkuta bibi mmoja kakaa barazani anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, mikono inakwenda yenyewe. Nitamwita Bi Mkubwa kama walivyomwita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa makaratasi."

Nikasema ndiye. Nikakaa. Nikamwambia ukweli, kwamba majibu niliyochukua mwaka jana yamefanana yote na mwalimu wangu ameyakataa, na kwamba nimekuja kuuliza nilikosea wapi. Alicheka mpaka ukili ukamponyoka.

"Uliuliza na maji yanatoka," akasema. "Bamvua lile. Maji yakitoka tuna saa tatu, nne, yakirudi basi mpaka kesho. Mtoto wako kasimama mlangoni na karatasi kumi na moja. Hili ndiyo? Ndiyo. Hili ndiyo? Ndiyo. Nilimwambia ndiyo ili aondoke, mwanangu."

Kwa watu wa bara wenzangu: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Siku hizo chache bahari inarudi mbali, mashamba ya mwani yanabaki wazi au kwenye maji ya magotini, na kila mwenye kamba anakimbilia huko kuvuna, kufunga mbegu, kupigilia vijiti vilivyong'oka. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi mbali, watu wako nyumbani wanaanika mwani na kusuka. Anayetaka mazungumzo anakwenda maji mafu. Jambo hili analijua kila mtoto wa pale. Mimi nilikuwa na kalenda ya chuo, siku kumi na tisa, na nilitua katikati ya bamvua kama mtu anayekwenda kumhoji mkulima wa Njombe siku ya kwanza ya mvua.

Nikauliza kuhusu tabianchi. Wakati huo walikuwa wamekwisha ongezeka wanawake watatu, wakatazamana.

"Sisi tulidhani tabianchi ni ule mradi," mmoja akasema. Kulikuwa na mradi uliopita kabla yangu wenye neno hilo kwenye fulana. Kujibu hapana ni kujitoa kwenye orodha ya mradi. Nilipouliza upya kama maji yamebadilika walizungumza mpaka adhuhuri: miezi gani yanachoma miguu, tangu lini, upande upi wa mwamba, mwani unaanza kuwa mweupe siku ya ngapi.

Na mume? Bi Mkubwa aliacha kusuka kabisa. "Ulimtuma mtoto wa kiume aniulize mbele ya mlango wangu nani mwenye pesa. Ulitaka nimvue mwenzangu nguo hadharani?" Fedha yake ya mwani, nikaja kuelewa baada ya siku kadhaa, haikuwa inaingia ndani ya nyumba moja kwa moja. Inakwenda kwenye upatu wa wanawake kumi na wanne, na zamu zinapangwa kwa kura. Vikaratasi, bakuli, mtoto anachomoa. "Na mzee anajua?" "Anajua. Haulizi." Na wajane waliotaja mume hawakuwa wamekosea. Walijibu jinsi inavyotakiwa kujibiwa.

Lakini pigo kubwa halikuwa hilo. Nilikuwa nimeuliza mapato kwa mwezi. Wao hawahesabu kwa mwezi. Wanahesabu kwa bamvua, na mwezi una mabamvua mawili. Waliojibu haraka, wengine walitaja fedha ya bamvua moja, wengine walijumlisha mawili. Kwa hiyo takwimu zangu za kipato zilikuwa na makosa ya mara mbili, na hapakuwa na njia ya kujua ya nani ni sahihi na ya nani si sahihi. Ukubwa wa shamba nilikuwa nimeuliza kwa mita za mraba. Wao wanahesabu kamba. Mdadisi akiona mtu anasita alikuwa anakadiria mwenyewe, kwa wema kabisa.

Nilikaa wiki tano. Nilizungumza na wanawake 31, wengine mara tatu tatu. Nilifunga mbegu kwenye kamba na kuambiwa mafundo yangu ni ya kufungia mbuzi. Sura ya tatu ya tasnifu yangu, ile ya mbinu za utafiti, ikaeleza yote, ikiwemo yale madodoso 180 niliyoyaweka kando, na siku ya utetezi mtahini mmoja akanibana nusu saa: sampuli ndogo, jedwali chache, mbona uliacha takwimu kubwa namna hiyo? Nikamjibu. Nikapita na marekebisho. Wiki hiyohiyo jarida moja nisilolijua likaniandikia barua pepe kuniita profesa mashuhuri na kuahidi kuchapisha makala yangu ndani ya siku saba kwa dola mia kadhaa. Nakiri nilihesabu akiba yangu kabla ya kuifuta. Kupanda cheo kwetu ni machapisho, na majarida yanayoheshimika yalikuwa yanakaa na makala mwaka mzima. Anayewacheka wenzake walioingia mtego huo ajiulize kwanza ana vipindi vingapi kwa wiki.

Niliporudi darasani sikuuliza tena kama tuko pamoja. Badala yake, dakika tano kabla ya muda kwisha, kila mtu anachana robo ya karatasi, anaandika jambo moja ambalo hakulielewa, kwa lugha yoyote, bila jina, anatupia kwenye ndoo mlangoni akitoka. Ndoo ya plastiki ya lita ishirini, niliinunua mwenyewe. Usiku wa kwanza nilisoma karatasi zote.

"Unaongea haraka." "Feni." "Bumu halijaingia, sijala tangu jana." (Bumu ni fedha ya mkopo wa mwanafunzi.) "Nimeelewa yote isipokuwa kuanzia mwanzo." Na moja, ambayo ilijirudia kwa maandishi ya watu tofauti zaidi ya mara thelathini: "Ile M iliyolala ni nini?"

Ile M iliyolala ni alama ya kujumlisha. Nilikuwa naiandika ubaoni tangu wiki ya pili, na ilikuwa wiki ya saba. Sikuwahi kuitamka jina wala kazi yake kwa sababu nilidhani kila mtu ameikuta kidato cha sita. Nusu ya darasa langu walitoka HGL na HKL, michepuo ya historia, jiografia na lugha. Kwao ilikuwa M, imelala, na hakuna mtu mzima anayeinua mkono mbele ya watu 400 kuuliza kwa nini herufi imelala.

Sitasema vikaratasi viliponya kila kitu. Kuvisoma vyote kila wiki kulinishinda ndani ya mwezi. Nikaanza kumwita mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake, afumbe macho, achomoe arobaini, nasoma hivyo tu. Na hapo, bila kupanga, sampuli nasibu ikawa inafundishwa kila Alhamisi mlangoni. Nikaanza pia kueleza kwa Kiswahili yale mambo magumu, slaidi na mtihani vikabaki Kiingereza kama kanuni zinavyotaka. Mwenzangu mmoja aliniambia nawadekeza. Mkubwa mmoja aliniita na kunikumbusha lugha ya kufundishia. Na kulikuwa na kijana wa Malawi mstari wa pili ambaye kila nikihamia Kiswahili uso wake ulikuwa unafunga kama duka. Ilibidi nimrudie yeye kwa Kiingereza baada ya kipindi, na dakika hizo zilitoka mahali fulani. Nilikuwa nimewafungulia wengi mlango na kumfungia yeye.

Mtihani wa mwaka uliofuata, watu wa stendi walipungua. Hawakwisha. Na walijitokeza wachache walioandika, chini ya kichwa cha vifaa vinavyohitajika: bakuli moja.

Upande wa kusimamia tafiti za wanafunzi nina mafanikio madogo zaidi. Mwaka mmoja nilipewa kumi na saba wa shahada ya kwanza na sita wa uzamili kwa wakati mmoja. Steshenari za nje ya geti zinauza desa, yaani andiko la kunakili, la sura ya tatu, unabadilisha jina la wilaya tu. Ndani yake hukosi fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ya kupata ukubwa wa sampuli: idadi ya watu, gawanya kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloliruhusu. Weka watu 10,000 na kosa la asilimia 10, unapata 99. Kila mtu anapata 99. Nimesaini 99 nyingi kiasi kwamba namba hiyo ikipita barabarani nadhani ningeitambua. Fomula yenyewe haina kosa, ila inadai kitu kimoja ambacho desa halikisemi: lazima uwe na orodha ya hao 10,000 ili uchomoe. Nikiuliza orodha iko wapi, kijana ananitazama kwa huruma. Tangu mwishoni mwa 2022 desa limepata mshindani, hii akili mnemba, au akili unde ukipenda. Sasa maandiko yanakuja yamenyooka, hayana kosa la tahajia, na hayana mtu ndani. Dawa niliyonayo ni moja. Namwambia aliyeandika aje ofisini, aache karatasi mlangoni, anisimulie kwa Kiswahili alimkuta nani na akajibiwa nini. Dakika kumi zinatosha kujua. Lakini kumi mara ishirini na tatu, mara rasimu ngapi? Mwaka 1961, chuo chetu kikuu cha kwanza kilipoanza Dar es Salaam na darasa moja la sheria, wanafunzi hawakufika 15. Siombi kurudi huko. Naomba tu anayepanga idadi aje siku moja akae kwenye ngazi.

Jambo ninaloona aibu nalo zaidi si la darasani. Nilimwahidi Bi Mkubwa nitarudisha majibu. Nilipanga Machi 2020. Vyuo vikafungwa mwezi huohuo kwa korona, vikafunguliwa Juni mosi, na mihula ikabanwa mpaka hapakuwa na pa kupumulia. Baada ya hapo sababu hazikuwa korona tena. Zilikuwa mimi. Alikuwa akinipigia kwa simu ya mjukuu wake, kila Idi. "Mwanangu, majibu yetu yamefika wapi?" Yalikuwa yamefika kwenye maktaba ya chuo, kurasa 240, kwa Kiingereza, na kwenye makala moja ambayo yeye asingeweza kuifungua bila kulipa.

Nilikwenda mwaka 2023. Safari hii nilitazama mwezi kabla ya kutazama ratiba. Nilikuwa na kurasa nne za Kiswahili nilizoandika upya kutoka mwanzo, kwa sababu kuzitafsiri kulikataa. Wanawake kama ishirini barazani, ukili mikononi. Nikasoma zote, polepole, kamba badala ya mita, bamvua badala ya mwezi. Nilipomaliza nilihisi mdomo unajipanga wenyewe kusema lile neno la darasani. Nikalimeza. Nikasema, "Nimekosea wapi?"

Kimya kirefu. Unasikia ukili tu.

"Ukurasa wa pili," Bi Mkubwa akasema. "Umeandika tumeuacha mwani mnene kwa joto la maji. Joto lipo. Lakini hapa kwetu kwanza mbegu ilikwisha. Aliyekuwa tayari kujaribu tena hakuwa na pa kuipata."

Nikaandika.

"Na hapo uliposema wanawake hawajui kuogelea," akasema msichana mmoja mlangoni, "mimi najua. Hukuniuliza."

Nikaandika.

Halafu mwanamke ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akiendelea kusuka bila kuinua macho: "Umetaka kujua kwa nini mtu anaacha mwani. Sisi sote hapa hatujaacha. Walioacha wako mahotelini wanafua mashuka, wengine wako mjini. Wale hukuwahoji hata mmoja."

Nikakumbuka kimbweta. Kalamu ilibaki juu ya karatasi.

"Wako wangapi?" nikauliza.

Bi Mkubwa aliweka ukili chini, akaanza kuwataja kwa vidole, jina, nyumba, na mwaka. Alipofika wa kumi na nane ikaadhiniwa alasiri.